Ratiba ya Siku ya Tatu

Sehemu ya Tisa

Nyundo ilishuka.

Mlionisumbua wiki nzima kwa simu mkiuliza kama ilishuka au haikushuka, jibu ndilo hilo. Ilishuka juu ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa fundi cherehani, pale pale kwenye meza ya mkewe, katikati ya kalamu na mihuri. Mfupa ulisikika. Fundi alipiga ukelele mmoja, kisha akajing'ata mdomo mpaka nao ukatoka damu.

"Vimebaki tisa," alisema Seremala. "Tuendelee, au shemeji yangu hapa ameshapata akili?"

Seremala ni jina tu. Bwana huyu hajawahi kutengeneza hata kigoda. Anaitwa hivyo kwa ajili ya nyundo anayoichomeka kiunoni, na wale aliowafanyia kazi nayo hawakupata nafasi ya kulalamika.

"Acha!" Bi Ratiba alipiga kelele. "Muache mume wangu! Nakupa!"

"Mke wangu, usimpe," fundi alisema kwa sauti iliyokatika. "Vidole si kitu."

Uongo mtupu. Fundi cherehani bila vidole ni sawa na cherehani bila sindano, na mwanamke huyu alikuwa amekula jasho la vidole hivyo kwa miaka kumi na minane. Alivuta droo, akatoa faili la kijani, akalitupa mezani. Likaangukia kwenye damu.

Kwa mgeni aliyeanza nasi leo: Bi Ratiba kazi yake ni kuwapangia watu safari za gari kuzunguka kisiwa. Ofisi ni chumba kimoja, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi, na ramani ya kisiwa imekula ukuta mzima. Siku mbili zilizopita alimpangia safari Muuguzi, mwanamke mmoja wa makamo aliyemwona Seremala akimmaliza mgonjwa kitandani wodini. Jumatatu Muuguzi atasimama mahakamani ng'ambo ya maji. Mpaka siku hiyo, njia ya kubaki hai ilikuwa ni kuvaa kofia pana, kubeba kamera shingoni kama mtalii, na kutolala mahali pamoja mara mbili.

Dereva wake ni Breki, mdogo wake Bi Ratiba, kitinda mimba, aliyelelewa na dada huyu tangu akiwa na miaka sita. Wanaitana kaka na dada, lakini aliyemfunga kamba za viatu na kumsainia karatasi za shule ni yeye.

Sasa mnaelewa kilichokuwa ndani ya faili la kijani.

Seremala alilisoma kwa kidole. "Siku ya tatu. Saa tatu asubuhi, kuondoka kwenye mnara wa taa. Saa tano, maporomoko. Saa nane, Kibaraza. Saa kumi, pantoni." Akainua macho. "Kibaraza ndipo pale juu, penye uzio wa chuma na kisiwa chote chini yako?"

"Ndipo."

"Pazuri. Mtu akiteleza pale, hata mazishi hayana gharama." Alicheka peke yake. Aliuliza aina ya gari, namba zake, namba ya simu ya dereva. Alipewa vyote. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu asubuhi.

Bi Ratiba aliinamisha uso, na watu wote walidhani analia.

Hakuwa analia. Alikuwa anaficha furaha.

Nikuibie siri ya kazi yake. Wageni huja na orodha ya sehemu kumi na tano wanazotaka kuziona kwa siku moja. Wamepima ramani kwa rula, wanakwambia kilomita arobaini ni nusu saa. Bi Ratiba huchukua kalamu nyekundu na kufuta kumi na moja. Kisiwani kilomita ni kona, kona ni mandhari, na mandhari ni picha. Kila mgeni husema, "Simama hapa dakika moja tu," na dakika hiyo haijawahi kuwa moja. Kwa hiyo kila saa anayoiandika huiongezea saa za picha. Madereva wake wanajua kwamba kuna saa ya karatasi na saa ya barabara. Karatasi ni ya mgeni.

Na Muuguzi hakuwa mgeni wa picha. Siku ya kwanza alijilaza kiti cha nyuma, hakuinua kichwa. Siku ya pili vile vile. Breki alikuwa anafika kila kituo mapema mpaka mwenye nyumba ya wageni analalamika kwamba vitanda havijatandikwa. Kwa saa ya barabara, leo wangepita Kibaraza saa sita. Saa saba na nusu wangekuwa ndani ya pantoni, na ng'ambo kulikuwa na askari wenye bunduki wakiwasubiri. Wacha Seremala akae pale juu apunge upepo.

"Kibogoyo!" Seremala alimwita mtu wake, jitu lisilo na meno ya mbele, lenye bastola mkononi. "Kaa na hawa. Kule juu simu hazishiki, kwa hiyo usinisubiri. Saa tisa ikifika, wamalize wote wawili."

"Ulisema ukipata karatasi utatuachia!" Bi Ratiba alisema.

"Nilisema hivyo?" Alipangusa nyundo yake kwa pazia la ofisi. "Nasahau sana siku hizi."

Alishuka ngazi na dereva wake, akibonyeza simu.

* * *

Saa tano simu ya mezani ililia.

Desturi ya kazi hii ni hiyo: kila kituo dereva hupiga simu. Kibogoyo alimbandika Bi Ratiba mdomo wa bastola nyuma ya sikio, akaifungulia simu sauti.

"Ongea kama kila siku. Ukikohoa tu, nakohoa na mimi."

"Haloo."

"Dada." Ilikuwa sauti ya Breki. Nyuma yake maji ya maporomoko yalikuwa yanaunguruma. "Uko salama?"

"Niko salama. Mmefika wapi?"

"Bado tuko maporomoko. Huyu mama leo kaamka na kamera. Anapiga picha kila kona, sijui kapatwa na nini. Nimemwambia tuondoke, hataki." Akapaza sauti kushinda maji. "Kibarazani tutafika saa nane. Kama karatasi inavyosema."

Kibogoyo alitabasamu kwa fizi.

"Mwambie..." Bi Ratiba alianza, na bastola ikasukuma sikio. "Mwambie apige picha nzuri."

"Sawa, dada. Dada?"

"Naam?"

"Basi." Simu ikakatika.

Masikini Bi Ratiba! Alikaa sakafuni pale pale. Kwa siku mbili mwanamke yule alikuwa amejificha chini ya kofia, na leo, katika siku zote, kisiwa kimempendeza! Bi Ratiba alimchukia kwa dakika nzima. Kisha akajichukia mwenyewe, kwa sababu ni yeye aliyeandika saa nane kwa mkono wake.

Akatazama saa. Akamtazama mumewe, aliyekuwa amejikunja kwenye kona, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Walimtoa kwenye cherehani, hakupata hata muda wa kuivua. Mkono wake ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko.

"Kaka," alimwambia Kibogoyo, "nichemshe maji nimuoshe kidonda."

"Ya nini kumuosha? Saa tisa ataoshwa na wenzake."

Akaomba tena saa sita kasoro robo. Akatukanwa. Fundi alianza kukoroma kwa maumivu, mkoromo mrefu usiokatika, na ukiniuliza mimi nitakwambia nusu yake ilikuwa ya kweli. Saa sita na nusu Kibogoyo alishindwa kuvumilia.

"Chemsha hayo maji! Huyu mwanaume kelele zake kama mlango wa choo!"

Birika la umeme lilichemka mpaka likajizima lenyewe. Bi Ratiba alilishika kwa mikono miwili, akamgeukia mumewe, akapiga hatua mbili, na hatua ya tatu akamgeukia Kibogoyo.

Maji yote yalimwingia usoni.

Ukelele wake uliwafanya mafundi wa matairi kule chini waache kazi. Bastola ililia, risasi ikapita kwenye ramani na kutoboa ufuo wa kaskazini. Fundi aliruka kutoka kwenye kona kama si yeye aliyekuwa anakoroma. Alimvisha Kibogoyo futi shingoni, akaizungusha mara mbili, ncha moja akaikamata kwa mkono mzima na nyingine kwa meno, akarudi nyuma kwa uzito wake wote.

"Kanyaga mkono!" alinguruma katikati ya meno. "Mkono!"

Bi Ratiba alikanyaga mkono wenye bastola. Kibogoyo aliupata mkono mbovu wa fundi, akakikamata kile kidole, akakipinda. Fundi alilia machozi kabisa, lakini futi hakuiachia. Hapo Bi Ratiba alinyanyua kikatio cha karatasi, lile dude la chuma zito kuliko mtoto wa mwaka mmoja, akalishusha kichwani. Mara moja. Kibogoyo alikuwa bado anapapasa. Mara ya pili hakupapasa tena.

Kama alikufa au alizimia, hawakuwa na muda wa kumuuliza.

"Pigia polisi wa pantoni," alimwambia mumewe, akiokota bastola na funguo za pikapu ya ofisi. "Waambie wapande Kibarazani. Breki ameshaingia mlimani, simu yake haishiki."

"Watakawia, mke wangu. Pantoni yenyewe iko saa moja na nusu kutoka pale juu."

"Wapigie hivyo hivyo. Na mkono wako huo, nenda hospitali."

"Na wewe unakwenda wapi? Barabara kuu ni zaidi ya saa mbili!"

Alikuwa ameshafika chini.

* * *

Ipo njia moja ambayo Bi Ratiba, katika miaka kumi na mitano ya kazi, hajawahi kumpeleka mgeni hata awe na haraka ya namna gani. Ni njia ya machimbo. Malori ya mawe yaliiacha baada ya kuzika madereva watatu. Inapanda mlima kwa upande wa mgongoni, haina ukingo, haina lami, na inatokea juu kidogo ya Kibaraza. Ukifika, umetumia saa moja na kidogo. Usipofika, umetumia dakika chache tu.

Kona ya pili ilichukua kioo cha pembeni. Kona ya tano ilichukua bomba la moshi, na kuanzia hapo pikapu ililia kama trekta. Mahali pamoja gurudumu la nyuma lilizunguka hewani, na Bi Ratiba akasema kwa sauti, "Mungu wangu, si leo," akakanyaga mafuta badala ya breki. Upande wa kulia kisiwa chote kilikuwa kimetandazwa chini ya jua, milima ya kijani, maji ya samawati, mawingu meupe. Mandhari ambayo watu huyavukia bahari. Hakuyatazama.

Saa nane kasoro dakika kumi aliibukia juu ya Kibaraza.

Aliliona gari jeusi la Seremala, limeegeshwa pua ikielekea uzio, dereva ndani na injini inaunguruma. Seremala alikuwa amesimama pembeni anaangalia barabara. Breki alikuwa hajafika. Nyuma ya uzio, upande wa chini, umbali wa mtu kurusha jiwe kwa uvivu, kulikuwa na kibao kimoja cha mwamba kinachojitokeza. Chini ya hapo hakukuwa na kitu ila ndege.

Bi Ratiba hakufikiri. Angefikiri angeogopa. Aliiachia pikapu kwenye mteremko.

Chuma kiligonga chuma. Gari jeusi liliruka mbele, likaupasua uzio kama uzi mbovu, likasimama nusu nje kwa muda wa kutosha kumwona dereva akipigana na mlango. Kisha likaenda. Walisubiri sauti ya kufika chini, na ilikuja kwa kuchelewa sana.

Bi Ratiba alikuwa amepiga uso kwenye usukani. Bastola iliteleza chini ya kiti. Aliinama kuitafuta, na nyundo ikapita kwenye kioo cha mlango ikimmwagia vipande kichwani.

"Toka, mchawi wee!"

Seremala alimtoa kwa nywele kupitia dirishani. Alimpiga teke la mbavu, akampiga la pili, akamburuta mpaka nyuma ya pikapu. Goti likamkalia kifuani. Nyundo ikapanda.

Na gari likasikika kwenye kona.

Seremala alishusha mkono. Alimziba mdomo Bi Ratiba kwa kiganja kinachonuka chuma.

Gari la Breki lilikuja polepole, polepole mno. *Geuza,* Bi Ratiba aliomba moyoni. *Umeuona uzio, umeiona pikapu, geuza mdogo wangu!*

Breki hakugeuza. Alisimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akamshika Muuguzi mkono na kumvuta nje.

"Nimemleta!" alipaza sauti. "Saa nane kamili, kama ulivyosema! Naiona pikapu, dada yangu yuko wapi?"

Naomba msinitukane. Mimi naandika yaliyotokea.

Seremala aliinuka taratibu, akamwinua na Bi Ratiba kwa nywele. "Huyu hapa dada yako. Si unaona nilivyomtunza?"

Breki aliuona uso wa dada yake, pua imevunjika, damu mpaka kwenye kola. Mkono wake ukamwachia Muuguzi wenyewe.

"Ulisema hutamgusa."

"Mdogo wangu," Bi Ratiba alisema. Maneno yalitoka na damu. "Ulisema ni picha. Ulisema mama wa watu anapiga picha."

Muuguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akavua kamera shingoni, akaiweka chini taratibu.

"Sijapiga hata moja," alisema. "Ameniambia gari linachemsha. Kutoka maporomoko mpaka hapa amesimama mara tisa kulimwagia maji."

"Alinipigia saa nne na nusu," Breki alisema, akilia bila kujificha. "Aliniambia atakuua, dada. Aliniambia nikifika mapema atakuua, nikichelewa atakuua. Ningefanya nini? Mimi nina nani mwingine?"

Damu nzito kuliko maji, wanasema. Wasemao hivyo hawajasimama Kibarazani wakiwa Muuguzi.

"Basi, msiba wa familia baadaye," Seremala alisema. Alimsukuma Bi Ratiba kando, akamwendea Muuguzi, nyundo ikining'inia. "Mama, karibu uone mandhari."

Breki alimrukia.

Kijana huyu aliitwa Breki kwa sababu ya woga wake barabarani, lakini siku hiyo alikuja bila breki. Alimpiga Seremala kichwa cha pua. Walianguka, wakaviringika kwenye vioo, nyundo ikampata Breki bega, ikampata goti. Goti lilivunjika, kila mtu alisikia. Bi Ratiba alitambaa kwenye mlango wa pikapu, akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa mafuta, vumbi, spana, na mwishowe kitako cha bastola.

Alipogeuka, Seremala alikuwa amesimama. Mkono mmoja umemkaba Breki shingoni, umemweka mbele kama ngao. Mgongo wake ulikuwa kwenye pengo la uzio, na kisigino kimoja kilikuwa hewani.

"Tupa hiyo," alihema. "Au tunashuka wote."

"Muache!"

"Nitamuacha. Msukume huyo mama aje hapa pembeni yangu, nikupe mdogo wako. Mmoja kwa mmoja. Biashara nzuri."

Muuguzi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa Bi Ratiba. Hakukimbia. Pengine alikuwa amechoka kukimbia. Alisema tu, "Mama, nina watoto wawili."

"Dada," Breki alisema. Uso ulikuwa umeiva kwa kukosa hewa. "Piga."

"Nyamaza."

"Nimemuuza mtu, dada. Piga. Mimi sitikisiki."

"Nyamaza, nimesema!"

"Nahesabu mpaka tatu," Seremala alisema. "Moja."

Bi Ratiba aliinua bastola kwa mikono miwili. Alitafuta uso wa Seremala nyuma ya uso wa mdogo wake, aliyefungwa kamba za viatu na mikono hiyo hiyo, akaona jicho moja na kipande cha sikio.

"Mbili."

Alifumba macho, akafyatua.

Alipoyafumbua, kwenye pengo la uzio hapakuwa na mtu.

Bi Ratiba alibaki pale pale na bastola mkononi. Aliyekwenda ni Muuguzi. Alilala kifudifudi kwenye vioo na damu, akatoa kichwa nje ya ukingo, akatazama chini kwenye kile kibao cha mwamba kwa muda mrefu, kwa macho ya mtu aliyezoea kutazama waliolala.

"Wako wawili hapa chini," alisema bila kugeuka. "Mmoja anapumua."

Bi Ratiba alifungua mdomo amuulize ni yupi. Akaufunga.